Sindhu, Hindu, Mhindi, mahindi

Haya wadau, leo sina habari za msosi wala za bumu kuchelewa. Leo ni shule tupu, lakini shule yenye utamu wake, kaeni mkao wa kula.

Kozi yetu ya ustaarabu wa kale imefika bonde la mto Indus, na mimi ndiye niliyepangiwa kuwasilisha asili ya jamii ya Kihindu. Jamaa mmoja wa chumba cha jirani aliposikia akacheka mpaka akakaa chini: "Mtoto wa Mwanga na Wahindu, wapi na wapi?" Nikamwambia subiri, mzee. Hili somo linatuhusu sisi watu wa Kigoma kuliko unavyodhani, tena linaanzia mdomoni mwako mwenyewe.

Mto wenyewe kwa Kisanskriti unaitwa Sindhu, na neno hilo maana yake ni mto tu, mto mkubwa. Waajemi waliokuwa magharibi yake, kwenye lugha yao ile "s" hugeuka "h", wakasema Hindu. Katika maandishi ya mfalme Dario, miaka 500 hivi K.K., kuna jimbo linaitwa Hindush. Wagiriki wakaidondosha ile "h" wakapata Indos, ndiyo Indus ya kwenye ramani. Waarabu wakasema Hind. Sisi tukapata Bara Hindi, tukapata Mhindi, halafu ilipokuja nafaka ngeni kutoka ng'ambo, ambayo asili yake ni Mexico huko, tukaiita mahindi. Kwa hiyo yule mama anayechoma mahindi pale Mwanga sokoni jioni, kila anapoita mteja anataja jina la mto ambao leo sehemu yake kubwa inapita Pakistan. Mahindi hayana Uhindi wowote, na mto hauna habari na sisi, lakini jina limefika mpaka Ziwa Tanganyika!

Kuna jambo ndani ya hilo jina ambalo halipaswi kupita haraka. Neno Hindu kwa mara ya kwanza lilikuwa la jiografia, na walilitoa watu wa nje. Lilimaanisha wale wanaokaa ng'ambo ya mto. Dini haikuwemo kabisa, maana hiyo imekuja karne nyingi baadaye. Ni kama sisi tu. Mswahili ni mtu wa sahili, mtu wa pwani, na neno ni la Kiarabu. Mmanyema ni jina la nchi ya Maniema kule Kongo, leo mtu kazaliwa Ujiji, babu yake kazaliwa Ujiji, bado ni Mmanyema. Majina ya watu wengi duniani yalitolewa na mtu aliyesimama mbali akanyoosha kidole.

Basi turudi bondeni. Ustaarabu wa Indus ulistawi kati ya mwaka 2600 na 1900 K.K. hivi. Ni umri wa mapiramidi ya Misri, lakini eneo lake lilikuwa kubwa kuliko Misri ya wakati ule, linafika kilomita za mraba milioni moja kwa makadirio, yaani limezidi Tanzania yetu nzima pamoja na maziwa yake. Miji mikubwa inayotajwa ni Harappa kwenye mto Ravi, Mohenjo-daro kule Sindh, Dholavira na Lothal upande wa Gujarat, na Rakhigarhi kaskazini mwa India. Mohenjo-daro peke yake wanakadiria ilikuwa na watu kama 40,000.

Na dunia ilikuwa imeusahau kabisa. Miaka ya 1850 Waingereza walikuwa wanajenga reli kuelekea Lahore, wakahitaji kokoto za kutandaza chini ya mataruma. Wakaona kuna kichuguu kimejaa matofali ya kuchoma, mazuri, magumu, ya bure. Wakabeba. Kilomita zaidi ya 100 za reli zikalazwa juu ya matofali ya Harappa, treni ikawa inapita juu ya mji wa miaka 4,000 na hakuna aliyejua. Mimi niliyepanda treni ya kati kutoka Dar mpaka Kigoma, kilomita zaidi ya 1,200, nilipoisoma habari hii nilijiuliza Wajerumani walipofikisha reli yetu Kigoma mwaka 1914 walizika nini chini. Nitalirudia hilo.

Uchimbaji wenyewe ulianza mwaka 1921 Harappa chini ya Daya Ram Sahni, na mwaka uliofuata R. D. Banerji akaanza Mohenjo-daro. Mwaka 1924 bosi wao, John Marshall, akautangazia ulimwengu kwamba historia ya India imerudi nyuma zaidi ya miaka elfu moja kwa mkupuo. Fikiria uko darasani umeshaandika notsi zote, halafu mwalimu anakuja na daftari jipya.

Walichokikuta ndicho kinachonifanya niwapende hawa watu. Matofali ya saizi moja kila mji: kimo, upana na urefu kwa uwiano wa 1 kwa 2 kwa 4. Mitaa iliyonyooka. Nyumba zenye bafu na choo ndani, maji machafu yanatoka kwenye mfereji mdogo yanaingia kwenye mtaro wa mtaani, na mtaro umefunikwa. Umefunikwa, jamani! Watu wa Mwanga mvua za masika mnanielewa. Visima Mohenjo-daro vinakadiriwa kufika 700, karibu kila mtaa una chake. Na mjini lipo bwawa la kuogea, urefu mita 12, upana mita 7, limezibwa kwa lami ya asili lisivuje.

Lakini kilichoniacha hoi ni mawe ya mizani. Vijiwe vya mchemraba, vimesuguliwa vizuri, uzito wake unakwenda kwa kuzidisha mara mbili: 1, 2, 4, 8, 16, 32... na kile cha kawaida kabisa ni karibu gramu 13.7. Vinapatikana Harappa, vinapatikana Lothal, mamia ya kilomita mbali, na uzito ni ule ule. Maana yake mfanyabiashara alikuwa hawezi kukuuzia lumbesa. Sisi leo, elfu mbili na ishirini na kitu, dagaa wa Kibirizi tunapimiana kwa sado ambayo kila muuzaji ana namna yake ya kuigonga kitako.

Sasa njoo kwenye kigugumizi. Mji wote huo, jumba la mfalme halionekani. Hakuna kaburi la kifalme kama la Misri, hakuna sanamu kubwa ya mtawala, hekalu la kulitaja kwa uhakika hakuna. Ile sanamu maarufu wanayoiita "kuhani mfalme" ina urefu wa sentimita 17 na nusu tu, na jina ni la kubandikwa. Maandishi yapo, alama kama 400, kwenye mihuri midogo ya mawe, lakini kila andiko ni fupi, wastani alama tano, na mpaka leo hakuna aliyeweza kuyasoma. Kwa hiyo hatujui walizungumza lugha gani, hatujui walijiitaje. Watu wa mizani sawa na mitaro iliyofunikwa, wamekufa na jina lao mdomoni.

Na hapo ndipo kila mtu anapoingiza mkono. Je, hawa ndio Wahindu wa kwanza?

Wanaosema ndiyo wana vitu vya kuonyesha. Kuna muhuri wa mtu amekaa kukunja miguu, kichwani ana pembe, kazungukwa na wanyama. Marshall alisema huyo ni Shiva wa mwanzo. Wengine wanapinga, wanasema umemwona Shiva kwa sababu ulikuwa unamtafuta. Kuna ule mti wa mpipali ambao Wahindu wanauheshimu mpaka leo, upo kwenye mihuri. Kuna alama ya swastika, ambayo kwa Wahindu ni ya baraka, kabla Hitler hajaichafua. Kuna lile bwawa, na Mhindu na kuoga kwa kujitakasa ni kitu kimoja. Mimi nikivitazama hivi nasema kuna nyuzi zimevuka, lakini nyuzi si shuka.

Wanaosema hapana wanaleta Rigveda. Hiki ndicho kitabu cha kale kuliko vyote vya dini hiyo, mashairi ya Kisanskriti yaliyotungwa kati ya mwaka 1500 na 1000 K.K. hivi, yakahifadhiwa kwa kichwa, vizazi na vizazi, bila kuandikwa. Humo kuna farasi na magari ya vita, kuna moto wa kafara, kuna mungu Indra anayepiga ngome. Miji haimo. Mizani haimo. Na kule Harappa farasi ndiye haonekani, wamejaa mafahali wa nundu na yule mnyama wa ajabu wa pembe moja. Kisanskriti nacho ni ndugu wa Kiajemi, Kigiriki na Kilatini. Kwa hiyo watu wakajiuliza: waliotunga Rigveda walitoka wapi?

Karne ya 19 wasomi wa Ulaya wakajibu: walitoka nje, Waaria, wakavamia wakawatiisha weusi waliowakuta. Mortimer Wheeler, yule mchimbaji Mwingereza, mwaka 1947 akaongeza chumvi: akaona mifupa ya watu iliyolala ovyo Mohenjo-daro, akasema haya hapa mauaji, wauaji ni Waaria. Baadaye wengine wakaipima ile mifupa kwa makini wakakuta ni ya nyakati tofauti, na dalili za vita hazipo. Mji ulikwisha kwa namna nyingine. Mvua za monsuni zilipungua, mito ya mashariki ya Indus ikakauka au ikahama, biashara na Mesopotamia ikafifia, watu wakahama kidogo kidogo kuelekea mashariki na kusini, vijijini. Miji ilikufa kama mshumaa.

Wadau, hapa naomba niache India kidogo, maana hapa ndipo nilipowajibu semina nzima wakanyamaza.

Februari 1858 Wazungu wawili walifika Ujiji, Burton na Speke. Mnajua habari zao, shule ya msingi tumeimbishwa. Huyu Speke mwaka 1863 akachapisha kitabu cha safari zake, na ndani yake akaweka nadharia: watawala wa kule kwenye maziwa, Wahima na Watutsi, hawawezi kuwa watu wa hapa, lazima wametoka kaskazini, Ethiopia, wamekuja kuwatawala Wabantu. Hana andiko, hana mfupa, ana sura za watu tu. Iliitwa baadaye nadharia ya Wahamiti. Angalieni mfano wake: ni kile kile cha Waaria, karne ile ile, vichwa vile vile. Mweupe kidogo katoka nje na ustaarabu wake, mweusi kakutwa amelala. Kwa mkoloni ilikuwa tamu, maana naye katoka nje, basi anaendeleza desturi.

Wabelgiji wakaichukua wakaiweka kwenye vitambulisho vya Rwanda. Na mwaka 1992, mwezi wa Novemba, mwanasiasa mmoja wa huko akasimama kwenye mkutano akazungumzia kuwarudisha Watutsi Ethiopia kwa njia ya mto. Mwaka 1994 mto Kagera ulileta maiti mpaka Ziwa Victoria. Sisi watoto wa Kigoma habari hizi hatukuzisoma kwenye desa. Kambi za wakimbizi za Warundi na Wakongo ziko kwetu, Nyarugusu iko Kasulu, na kila familia ya Mwanga ina mtu aliyepokea mtu. Kwa hiyo mtu akiniambia habari za asili, nani alikuja na nani alikutwa, ni mambo ya kitaaluma tu, mimi namwangalia.

India nako ilikata pande zote mbili. Jyotirao Phule, mtetezi wa watu wa tabaka la chini, mwaka 1873 aliandika kwamba kama Waaria ni wavamizi, basi Mabrahmin ndio wageni na sisi ndio wenye nchi. Silaha ya mkoloni kaigeuza mpini. Halafu akaja Ambedkar, mwanasheria, mwenyewe mtoto wa wale wanaoitwa wasioguswa, mtu aliyesimamia uandishi wa katiba ya India. Angeweza kuishika ile hoja ya Phule, ingemfaa sana. Mwaka 1946 aliikataa. Alisema Rigveda haithibitishi uvamizi wa rangi moja dhidi ya nyingine, na kwamba tabaka chanzo chake kitafutwe kwingine. Kwangu huyu ndiye mtu wa semina nzima. Mtu anayekataa ushahidi mbovu hata ukimpendelea, hao ni wa kuhesabu. Siku hizi tena kuna mrengo mwingine India unaosema hakuna aliyekuja kabisa, Wahindu wote na Veda zao wametokea pale pale toka mwanzo, na anayeabudu kwingine ndiye mgeni. Ugomvi huo umefika mpaka California, mwaka 2005 na 2006 watu walibishana kuhusu vitabu vya shule za huko viandike nini.

Sayansi imesemaje? Mwaka 2019 zilitoka tafiti mbili za vinasaba. Moja ilipima mifupa ya mwanamke mmoja aliyezikwa Rakhigarhi, miaka zaidi ya 4,000 iliyopita. Alikuwa na damu ya wawindaji wa kale wa Asia ya Kusini na damu inayofanana na ya watu wa kale wa Iran, na hana hata chembe ya damu ya wafugaji wa nyika za kaskazini. Utafiti wa pili ukaonyesha damu hiyo ya nyika iliingia Asia ya Kusini kati ya mwaka 2000 na 1500 K.K. Kwa hiyo watu walikuja, ndiyo. Walikuta watu, ndiyo. Na wakaoana! Karibu kila kundi la India leo ni mchanganyiko wa hao wote, vipimo tu vinatofautiana. Kuna utafiti wa mwaka 2013 uliosema makundi yalichanganyika sana mpaka miaka 1,900 hivi iliyopita, kisha milango ikafungwa, kila tabaka likaanza kuoana lenyewe kwa lenyewe. Rigveda yenyewe inataja matabaka manne katika utenzi mmoja tu wa kitabu cha kumi, ambacho wataalamu wanakihesabu kuwa cha mwishomwisho. Ukuta ulijengwa baadaye. Mwanzo kulikuwa na uwanja.

Nawaambieni kwa nini hili linanigusa. Likizo iliyopita nilikwenda ofisi moja, siitaji, kufuatilia karatasi zangu. Kijana wa dirishani, umri wangu, kasoma jina la ukoo akaniuliza: "Asili yako wapi?" Nikasema Mwanga. Akasema hapana, asili. Nikasema baba kazaliwa Mwanga. Akasema babu. Babu yangu mzaa baba alivuka ziwa akiwa mtoto, kutoka Bwari, upande wa Kongo, kwa mtumbwi. Bibi yangu ni Mjiji, Muha wa ziwani, wamekuwepo toka Mungu aumbe migebuka. Nikaambiwa nirudi na viambatanisho. Nikarudi mara tatu. Wenzangu wa Kigoma mnaosoma hapa mnacheka, maana wote tumepita dirisha hilo.

Nilipomsimulia bibi, alikuwa anachambua dagaa, hata hakuinua kichwa. "Mjukuu wangu, huyo aliyekuuliza, umemuuliza wa kwake?"

Na Ujiji ingekuwa ya nani kama tungeanza kupepeta? Wajiji walikuwepo. Wakaja Wabwari, Wagoma, Wamanyema, Wanyamwezi wapagazi, Waarabu, Waswahili wa Mrima. Mji ule ni mchanganyiko wa watu, na lugha yake ni hii hii ninayoandikia.

Sasa nirudi kwa yule jirani wa "wapi na wapi". Watu wengi wanadhani Wahindi walikuja kwetu na reli. Iliyoleta Wahindi kwa maelfu ni reli ya Uganda, Mombasa mpaka Kisumu, 1896 hadi 1901, vibarua kama 32,000, na wengi wao walirudi kwao. Reli yetu ya kati ilijengwa kwa mikono ya Waafrika. Lakini biashara ya India ilifika Ujiji zamani kabla ya taruma la kwanza, kwa miguu ya wapagazi. Msafara ukitoka Zanzibar mwaka 1850, nyuma yake kuna mkopo, na mkopo huo mara nyingi umetoka kwa Mbanyani. Kampuni ya Jairam Shivji, Mhindu wa kundi la Bhatia kutoka Kutch, ndiyo iliyokodi ushuru wa forodha wa Sultani kwa miaka mingi. Wakala wao Ladha Damji ndiye aliyekuwa akimtumia Livingstone bidhaa Ujiji, zile ambazo mzee wa watu aliporudi Oktoba 1871 alikuta zimeshauzwa zote. Wabanyani wenyewe walibaki pwani, wengi bila wake zao, maana kwa Mhindu wa wakati ule kuvuka bahari kulikuwa na miiko yake. Waliopanda bara mapema walikuwa Wahindi Waislamu, kama yule Musa Mzuri, Khoja wa Surat, aliyekaa Tabora.

Na hiyo Kutch sasa, ndipo penyewe. Ndiko ilikochimbwa Dholavira, mji wa bonde la Indus, UNESCO wameuorodhesha mwaka 2021. Pwani ile ile iliyopeleka shanga za akiki Mesopotamia miaka 2500 K.K., ndiyo iliyopeleka akiki Kilwa na Shanga zama za Waswahili wa kale, ndiyo iliyotuletea kaniki za bibi zetu. Pamba yenyewe, kipande cha nguo ya pamba kilikutwa Mohenjo-daro kimegandia kwenye chombo cha fedha. Ujiji sokoni pesa ilikuwa shanga za sofi, za Venice hizo, vipande kama shina la kiko lililokatika, lakini mkono uliozishika pwani ulikuwa wa Kutch.

Tena sisi tuliwatangulia kuwapelekea. Mtama asili yake Sudan ya mashariki, uwele asili yake ukanda wa Saheli. Vyote viwili vilifika Gujarat karibu na mwaka 2000 hadi 1700 K.K., wakati miji inakufa na mvua zinapungua, na nafaka hizi zinavumilia ukame. Ulezi nao ni wa nyanda za juu za Afrika Mashariki, leo Karnataka ni chakula chao. Wao wakatupa nundu. Ng'ombe wa nundu alifugwa mara ya kwanza kando ya bonde lile lile la Indus, na ng'ombe wetu wengi leo wana damu yake. Wataalamu wamepima, damu hiyo ilikuja kwa upande wa madume, upande wa majike ni ng'ombe wa Afrika. Baba Mhindi, mama mwenyeji. Yule fahali anayepita barabara ya Ujiji na foleni yote inamsubiri, mwulizeni viambatanisho.

Maneno nayo yalivuka. Bumu likiingia unasema laki ngapi? Laki ni ya Kisanskriti. Pesa ni paisa. Duka, gari, rupia ya Mjerumani, zote zimepita kwa Wahindi. Lakini mawili yananipendeza zaidi: dobi na sonara. Kule India dobi ni tabaka, unazaliwa mfua nguo, unaoa kwa wafua nguo, unakufa mfua nguo. Sonara vilevile, mfua dhahabu mtoto wa mfua dhahabu. Maneno hayo yalipanda jahazi, yakashuka Zanzibar, yakapanda bara, na yalipofika Mwanga yakawa kazi tu. Rafiki yangu mmoja dobi, baba yake mvuvi, mdogo wake anasoma uuguzi. Lile tabaka lililofungwa miaka 1,900, kwetu limefika limebaki na pasi ya mkaa.

Sijasahau ya reli. Treni kabla haijafika Kigoma inapita Uvinza, bonde la Malagarasi, mto mrefu wa pili nchini. Wengi mnashuka hapo kununua vitu dirishani mnapanda. Ardhi ile ina chemchemi za maji ya chumvi, na wachimbaji, Sutton na Roberts, walionyesha kwenye miaka ya 1960 kwamba watu wamekuwa wakichemsha chumvi pale toka karne ya 5 au ya 6 B.K. Vigae na majivu tabaka juu ya tabaka, miaka 1,500. Karne ya 19 kila kiangazi walikuja watu kutoka kila upande, wengine safari ya siku nyingi, wanajenga vibanda, wanachemsha. Watemi wa Wavinza walidai kila mmoja sehemu ya chumvi yake. Ukishalipa, unaweka chungu chako motoni kama wenzako.